Kwa nini walikimbilia Mibilizi

Aprili iliyopita, tulipokwisha kuwasha mishumaa na kusoma majina, kijana mmoja wa hapa hapa Nakivale alinyanyua mkono. Ni kijana mzuri, amezaliwa kambini, Rwanda anaijua kwa kusikia tu. Akauliza: "Mzee, lakini Bukavu si ilikuwa pale pale? Daraja moja tu. Kwa nini watu wa Cyangugu walienda kujifungia kanisani badala ya kuvuka?"

Watu walinyamaza. Mama mmoja akajifunika kitenge usoni. Mimi nilijibu ovyo ovyo, nikasema mambo ya vizuizi vya barabarani, kwamba njia zilifungwa. Hiyo ni kweli, ila siyo jibu lote, na tangu siku ile swali limenikaa kichwani. Kwa sababu hata mimi nilimuuliza bibi yangu vivyo hivyo nilipokuwa na umri wa yule kijana, na bibi hakunijibu kwa habari ya vizuizi. Alinijibu kwa habari ya matofali.

Kwetu ni Giheke. Ukitoka Kamembe ukipanda na barabara ya lami kama unaelekea Ntendezi, utapita Giheke kabla hujachoka. Siku hizi inaitwa sekta ya Giheke, wilaya ya Rusizi. Wazee wao wanasema Cyangugu, na wazee wa wazee wanasema Kinyaga, ndilo jina la zamani la nchi ile yote ya kusini-magharibi kati ya ziwa Kivu, mto Rusizi na msitu wa Nyungwe. Mimi sikuzaliwa huko. Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, kwa sababu bibi na babu walivuka baada ya mauaji ya Desemba 1963. Walivuka na watoto, sufuria, na bahasha ya karatasi. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi ya ubatizo ya bibi, imeandikwa kwa wino: Mibirizi, 1927. Wengine huandika Mibilizi, wengine Mibirizi. Ni mahali pamoja, na r na l kwetu huwa hazigombani.

Mtu wa leo atauliza, mtoto wa Giheke alibatizwaje Mibilizi? Jibu ni kwamba hapakuwa na pengine. Mapadri Weupe walifika kwa mfalme Yuhi Musinga pale Nyanza mwaka 1900 wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, wakafungua misioni ya kwanza Save mwezi wa Februari mwaka ule ule. Zikafuata Zaza, Nyundo, Rwaza. Na mwishoni mwa 1903, mwezi wa Desemba, wakafungua Mibilizi. Kwa karibu miaka 25 hiyo ndiyo ilikuwa misioni ya Kinyaga nzima, mpaka Nyamasheke ilipoanzishwa mwaka 1928. Kwa hiyo kila Mkatoliki wa Kinyaga aliyebatizwa kabla ya hapo, awe wa mwambao wa ziwa au wa mlimani, kwenye karatasi ni mtu wa Mibilizi. Parokia nyingine zote za upande ule ni watoto na wajukuu wake. Shangi, Mushaka, hata zile changa zilizoanza kama santarali za kusalia Jumapili, ukifuata uzi utafika Mibilizi.

Majengo ya misioni yalikuwa na hatua zake, na ukienda misioni yoyote ya Mapadri Weupe wa wakati ule utakuta hadithi ni ile ile. Kwanza vibanda vya nyasi. Halafu matofali mabichi ya kuanika juani, paa bado nyasi. Halafu wanachimba udongo, wanajenga tanuru, wanachoma, na siku moja kilima kinapata ukuta mwekundu ambao mvua haiulambi. Juu wanaweka vigae. Mikaratusi inapandwa kwa ajili ya mbao na kuni. Kando ya kanisa inatokea nyumba ya mapadri, kisha shule, kisha mahali pa kutibia vidonda, kisha bustani. (Sisi wa Nakivale tunaijua njia hiyo vizuri. Kanisa letu lilianza kwa turubai, likaja la miti na udongo, sasa lina mabati. Tukijaliwa uzima tutafika kwenye tofali la kuchoma.)

Bibi alikuwa anasema watoto walikuwa wanaweka kiganja kwenye ukuta wa misioni jioni, kwa sababu tofali la kuchoma linahifadhi joto la jua. Nyumbani kwao hakuna ukuta uliofanya hivyo. Nyumba ya Kinyarwanda ilikuwa ya miti, nyasi na matete yaliyosukwa vizuri sana, ya kupendeza, ila kiberiti kimoja kinaimaliza. Weka hilo akilini, maana tutalirudia.

Ubatizo haukuwa wa haraka. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliweka sheria ya miaka minne ya mafundisho kabla ya maji. Bibi na dada yake walitembea kutoka Giheke kwa miguu, wanatoka alfajiri na umande, wanafika jua limepanda, wanakariri katekisimu, wanarudi. Miaka minne. Mkatekumeni alipewa medali ya kuvaa shingoni, na bibi alisema medali ile ilikuwa zaidi ya urembo: chifu au mtu wake akikukuta njiani na medali, alifikiri mara mbili kabla ya kukukamata kwa kazi ya bure.

Hapo ndipo jibu la kijana wetu linapoanza. Mwanzoni mwa karne ile mapadri walikuwa wamekuwa kama machifu wa namna mpya. Maskini aliyenyanyaswa na shebuja wake, mwenye deni la kazi, mjane aliyenyang'anywa shamba, alikwenda misioni kutafuta mtu wa kumsemea. Wanahistoria walioandika juu ya Kinyaga wameliona hilo: wengi wa waumini wa kwanza walikuwa watu wadogo waliotafuta ulinzi, na imani ikaja pamoja nao au nyuma yao kidogo. Nasema hivi bila kumcheka mtu. Hata sisi hatukuchagua Nakivale kwa sababu ya mandhari.

Na kulikuwa na kahawa. Mbegu zilizotoka Guatemala zilipandwa pale misioni mwanzoni mwa karne ya 20, zikastawi, na mpaka leo wataalamu wa kilimo wanaita aina ile ya arabika kwa jina Mibirizi. Kilima chetu kimo katika vitabu vya kahawa vya dunia nzima, wakati wengi wa wanaokunywa hawajui kama ni jina la mahali. Baadaye, miaka ya 1930, Wabelgiji walifanya kahawa kuwa lazima, kila mwenye shamba apande apende asipende, na utamu wake ukapungua. Bibi hakunywa kahawa maisha yake yote. Alikuwa anasema ameibeba vya kutosha.

Na kulikuwa na lugha. Mapadri na makatekista waliokuja nao, baadhi yao Waganda, waliingia Rwanda na Kiswahili mdomoni. Ndiyo maana Mnyarwanda akisema *umusaraba* ni msalaba wetu huu huu, umevaa nguo nyingine. Nilipokuwa mtoto Bukavu nilidhani bibi amejifunzia Kiswahili sokoni Kadutu. Kumbe neno la kwanza alilipata kanisani.

Sitaki mtu aseme nimepaka misioni asali. Ukuta ule ule uliowahifadhi wanyonge ulijua kubadili upande. Askofu Léon Classe, aliyemfuata Hirth, aliona kwamba ukipata watawala utapata nchi, akawaelekea watoto wa machifu wa Kitutsi. Shule zikawapendelea hao, na Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930. Musinga, ambaye alikataa kubatizwa, aliondolewa kwenye ufalme Novemba 1931 kwa shauri la serikali na la askofu huyo, akawekwa mwanawe Rudahigwa. Na Musinga alihamishiwa wapi? Kamembe. Karibu na kwetu kabisa. Mfalme wa Rwanda aliishi uhamishoni mwendo mfupi kutoka Giheke mpaka mwaka 1940, wakampeleka Moba huko Kongo, akafia huko 1944. Bibi alikuwa msichana alipoletwa. Alisema watu walipita mbali na boma lake kwa heshima na kwa woga, na kwamba kanisani hakuna aliyemtaja. Huwa nawaambia watoto wangu kwamba katika jamaa ya wakimbizi wa Kinyaga, wa kwanza mwenye jina kubwa alikuwa mfalme, na kosa lake mojawapo ni kwamba hakutaka maji ya kichwani.

Baadaye upepo ukageuka tena. Miaka ya 1950 mapadri wapya kutoka Ulaya waliegemea upande wa Wahutu, na ilipofika Novemba 1959 nyumba za Watutsi zikaanza kuchomwa. Sasa rudi kwenye kiberiti. Nyumba za nyasi ziliteketea. Misioni haikuteketea. Sehemu nyingi za Rwanda watu walikimbilia misioni, wakalala kwenye madarasa, uani, ndani ya kanisa lenyewe, na waliokuwa wanachoma nyumba walifika mpaka kwenye uzio wa miti, wakasimama. Huu ndio ushuhuda wa bibi, nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuandika kwa sauti yake na Kiswahili chake cha Bukavu:

"Tuliendaka ku misioni juu njo kwenye hakukuwa moto. Batu bote baliingia. Na hakuna mutu aliingia kututosha."

Hakuna mtu aliyeingia kututoa. Walikaa siku kadhaa, wakarudi Giheke, wakajenga upya. Mwaka 1963 ulipokuja na mauaji yake, babu alisema safari hii hatungoji, wakavuka mto. Dada yake bibi alikataa. Mume wake alikuwa mgonjwa, ana mashamba, na zaidi ya yote alisema: "Si misioni ipo?" Akaenda misioni, akapona. Mwaka 1973, Watutsi walipofukuzwa mashuleni na kazini, akapona tena. Bibi alikuwa anapata habari zake kwa watu wanaovuka kuuza samaki na viazi, na kila mara ilikuwa habari ile ile: yupo, anasali, anawasalimu.

Ninataka yule kijana asikie hapa. Mtu anayekimbilia mahali palipomwokoa mara tatu siye mjinga. Na haikuwa Cyangugu tu. Machi 1992 kule Bugesera Watutsi walishambuliwa, wengi wakakimbilia parokia ya Nyamata, na waliofika humo wakaokoka. Miaka miwili baadaye watu wale wale walirudi kwenye kanisa lile lile. Leo Nyamata si kanisa la kusalia tena, ni makumbusho ya mauaji ya kimbari, na tangu 2023 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wauaji wa 1994 nao walikuwa wamejifunza historia. Walijua watu watakwenda wapi.

Cyangugu ilikwisha kuwa jimbo lake wakati huo. Ilikatwa kutoka Nyundo mwezi wa Novemba 1981, na Thaddée Ntihinyurwa akawa askofu wake wa kwanza. Kuanzia tarehe 7 na 8 Aprili 1994 watu walianza kujaa parokiani: Mibilizi, Shangi, Nyamasheke, kwenye kanisa kuu mjini. Waliokuwa kwenye kanisa kuu walihamishiwa uwanja wa Kamarampaka katikati ya mwezi, na huko majina yakaanza kuitwa kutoka kwenye orodha. Mibilizi ilishambuliwa zaidi ya mara moja, na waliokuwa ndani walijitetea kwa mawe. Tarehe 29 Aprili Interahamwe wa Bugarama walifika Shangi. Kesho yake, tarehe 30, wakaja Mibilizi. Kiongozi wao, Yussuf Munyakazi, alikamatwa Kongo mwaka 2004, akahukumiwa Arusha mwaka 2010 miaka 25 jela kwa ajili ya Shangi na Mibilizi, na rufaa ya 2011 ikathibitisha. Hizo ni tarehe za mahakama, zimeandikwa, hazibishaniwi. Nazitaja kwa sababu hapa kambini kuna watu wanaopenda kusema kila mtu na hadithi yake.

Waliosalia sehemu mbalimbali za mkoa walikusanywa Nyarushishi, na walikuwa bado huko Wafaransa walipofika mwezi wa Juni. Dada yake bibi hakuwa kati yao. Alikuwa na miaka karibu 80. Aliyetuletea habari alisema alikwenda Mibilizi siku ya pili kabisa, hakungoja kuambiwa, alibeba mkeka na rozari. Bibi aliposikia hakulia mbele yetu. Alitoa ile bahasha, akaangalia kadi yake, akairudisha.

Nyumba ya Mungu inayochinjiwa watu ndani yake, unaifanya nini? Rwanda imejibu kwa namna kadhaa. Nyamata na Ntarama yameachwa kuwa makumbusho. Nyange lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu mwezi ule wa Aprili, na padri wa hapo, Athanase Seromba, alifungwa maisha kwa hukumu ya rufaa ya 2008. Mibilizi na Shangi kunasaliwa mpaka leo, na karibu na kanisa kuna waliozikwa. Nimesikia watu wakibishana vikali kuhusu hili, wengine wanaona ni aibu kuimba Gloria pale. Mimi nilikuwa upande huo. Sasa sina uhakika sana. Kanisa likifungwa, ni nani atakayepita pale kila Jumapili na kulazimika kukumbuka?

Katika wilaya hiyo hiyo, parokia ya Mushaka, Padri Ubald Rugirangoga alifanya jambo ambalo bibi angelielewa haraka. Mwenyewe baba yake aliuawa 1963, na mwaka 1994, akiwa padri Nyamasheke, alipoteza zaidi ya ndugu 80. Waliotoka gerezani baada ya kukiri hakuwaacha waende kukomunika hivi hivi. Aliwarudisha kwenye mafundisho kwa miezi sita kama wakatekumeni, kisha wanasimama mbele ya parokia nzima, pamoja na jamaa ya waliowaua. Kuna waliomwona mkali na kuna waliomwona mpole mno. Alifariki Marekani Januari 2021 kwa uviko. Maaskofu wa Rwanda nao waliomba msamaha kwa maandishi Novemba 2016, na Papa Fransisko Machi 2017. Kwa kipimo changu walichelewa, lakini nimeandika tarehe kwa sababu wapo wanaodai haikutokea.

Na kuta zenyewe si za milele. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, ardhi ya Kivu ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Bukavu ilipasuka, na ng'ambo, Rusizi na Nyamasheke, watu walikuwa kwenye ibada. Kuna waliokufa ndani ya kanisa lililowaangukia. Niliposikia redioni nilifikiri bibi amepata bahati kutangulia, asisikie kwamba hata tofali la kuchoma linaweza.

Sasa niseme kwa nini nimeandika haya, kando ya swali la kijana. Nilipohojiwa kwa ajili ya faili letu, mwaka ambao sitautaja, niliulizwa karatasi ya kuonyesha asili ya familia. Vyeti vya kuzaliwa hatuna. Kitambulisho cha babu kilibaki kwenye nyumba iliyochomwa. Nilitoa kadi ya bibi. Yule aliyekuwa ananihoji aliigeuza mara mbili, akasema hii ni karatasi ya dini, si ya serikali, akairudisha. Nilikasirika, lakini tangu hapo nimejifunza jinsi vitabu hivyo vinavyofanya kazi. Kila parokia inaweka daftari la ubatizo, kila jina na namba yake kwa mfululizo. Ukipata kipaimara au ukifunga ndoa mahali pengine, habari inatakiwa kurudishwa kwenye parokia uliyobatizwa, na inaandikwa pambizoni mwa jina lako. Bibi alifunga ndoa Kinyaga, watoto wake wakabatizwa Kinyaga na Bukavu. Unaweza kuvuka mito yote unayotaka. Ule mstari unabaki umekungoja.

Kadi iko mezani hapa ninapoandika, nimeifunika kwa nailoni. Wino umefifia, ila namba inasomeka. Bibi na dada yake walibatizwa asubuhi moja, wamesimama mstari mmoja, bibi mbele kwa kuwa ni mkubwa. Wiki jana nimemwandikia paroko wa Mibilizi kwa Kinyarwanda changu kibovu. Sikuomba cheti cha bibi. Nimeomba, kama daftari la 1927 lipo, atazame namba inayofuata, aniandikie jina kama lilivyo, na kilichoandikwa pambizoni.